Mbuzi Wafupi na Mbwa wa Kengele: Historia ya Mifugo Yetu



Kila mara tunapogawa mbuzi, maswali mawili yanarudi mezani. La kwanza linatoka kwa wafadhili: kwa nini mnanunua mbuzi wafupi wa kienyeji, wakati kuna mbuzi wakubwa wa kigeni wenye nyama nyingi? La pili linatoka kwa memba wenyewe, zaidi vijana waliozaliwa kambini: tena mbwa ni wa nini? Mbwa anakula bugali ya watoto, na mbwa wa kwetu ni mushenzi tu.

Maswali yote mawili ni ya haki, na mtu anayeuliza asinyamazishwe. Lakini jibu lake halipatikani katika bei ya soko peke yake. Linapatikana katika historia ya hao wanyama, na historia hiyo inagusa historia yetu sisi tuliokimbia na kurudi. Njo maana tumeiandika hapa, ili kila memba aisome nyumbani, na wale wasiojua kusoma wasomewe.

Walifika pamoja na jembe

Mbuzi si mnyama wa msitu wa Kongo. Katika msitu wetu hakukuwa na mbuzi-mwitu wa kufugwa. Watu wa kwanza kumfuga mbuzi walikuwa wa Asia ya Magharibi, katika milima ya nchi ambazo leo zinaitwa Iran na Uturuki, karibu miaka 10,000 iliyopita. Kutoka kule mbuzi alifika Misri, akapita Sahara wakati ilikuwa bado na majani, akashuka kusini. Msituni aliingia na wakulima, wale waliosema lugha zilizozaa Kibembe, Kilega, Kifuliru, Kiswahili na ndugu zake. Mbwa pia alikuwa mgeni hapa, na alitembea na watu hao hao.

Ng'ombe hakuweza kufuata njia yote. Mahali penye mbung'o, ng'ombe anapata nagana, ugonjwa wa ukoo mmoja na malale ya watu. Ng'ombe anakonda, anaanguka. Mbuzi mfupi wa Afrika ya Magharibi na ya Kati anavumilia nagana kuliko ng'ombe wengi. Mbuzi huyo mara nyingi hafiki sentimeta 50 begani, na jike mzima ana kilo 20 hadi 25. Wale tulio nao huku Kivu, karibu na ziwa Tanganyika, ni wa jamaa la mbuzi wadogo wa Afrika ya Mashariki. Wao ni warefu kidogo, lakini jike hapiti sana kilo 30.

Ufupi huo si kasoro. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, na katika joto la bondeni unapoa upesi. Mbuzi mfupi anaishi kwa majani ya kando ya njia, maganda ya ndizi, na matawi ya viazi vitamu. Mbuzi mkubwa akipewa chakula hicho peke yake, anabaki mifupa.

Kwa wazee wetu, mbuzi hakuwa nyama ya kila siku. Alikuwa mahari. Alikuwa faini ya mtu aliyekosea mbele ya baraza. Alikuwa cha kupeleka kwenye matanga, na cha kumpokelea mgeni mkubwa. Mtu asiye na mbuzi hakuwa tu maskini wa nyama. Alikosa namna ya kusema neno lake mbele ya wengine. Hilo tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia chini.

Mbwa asiyebweka

Mwaka 1870, msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alikuwa kati ya Wazande, upande wa kaskazini-mashariki. Aliandika juu ya mbwa wao wadogo, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, waliofungwa kengele za mti shingoni. Alieleza kwamba kengele ilikuwa ya kuwazuia wasipotee katika majani marefu.

Mbwa wa namna hiyo anajulikana pande nyingi za Kongo. Kwa kawaida anasimama sentimeta 40 na kitu, ana kilo kama 10, na paji lake la uso lina mikunjo kama mtu mwenye mawazo. Habweki kama mbwa wengine. Anaweza kulia, kunguruma, na kutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Jike wake kwa kawaida anaingia joto mara moja kwa mwaka, si mara mbili.

Kwa kuwa habweki, mwindaji hawezi kujua yuko wapi. Kengele ya mti njo ilikuwa sauti yake. Watu walitega nyavu upande mmoja, mbwa wakaingizwa upande mwingine, kengele zikalia, nyama ikakimbilia nyavu. Mwenye mbwa alisikia kengele na akajua mbwa wake amefika wapi. Kengele ikinyamaza ghafula, alijua kuna jambo. Watu wa Kikongo, kule Kongo ya Chini, wanaita kengele hiyo dibu, na Walega na Wabembe katika misitu ya huku nao waliwinda kwa nyavu na mbwa. Kengele za mbwa kutoka Kongo zimewekwa leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Watu wanalipa kiingilio kuziangalia. Kwetu kijana anaweza kuishi miaka 20 bila kuona hata moja.

Jina tulilompa, jina alilopewa

Mwaka 1895 mbwa wawili wa Kongo walionyeshwa London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Hawakukaa sana. Walikufa kwa ugonjwa wa mbwa wa Ulaya ambao Waingereza wanauita distemper. Wengine walijaribiwa baadaye, nao wakafa. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alifaulu kutoa mbwa Kongo ya Wabelgiji na kuwazalisha kwao. Mwaka 1937 aliwaonyesha Crufts, na watu wakasongamana kuona mbwa asiyebweka. Mwaka 1943 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kiliwaandika katika vitabu vyake.

Wakawapa jina Basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Ni neno letu, washenzi, lililopita katika Lingala likawa basenji. Na tunajua lilikotoka. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Neno likapanda na misafara hadi Ujiji, likavuka ziwa, likafika Kasongo na Nyangwe. Kule Manyema mtu aliyejiunga na wafanyabiashara aliitwa muungwana, na yule aliyebaki kijijini kwake akaitwa mshenzi. Wazungu walipokuja walilikuta neno likiwa tayari, wakalitumia kwa watu wote wa kijijini, na mwishoni kwa mbwa wao.

Basi leo mbwa huyo ana karatasi za ukoo, daktari wake, na bei kubwa huko Ulaya na Marekani, na jina lake lingali linamaanisha mbwa wa watu wasiostaarabika. Na kijana wa kwetu akimpiga jiwe mbwa yule yule njiani, anamwita kwa jina lile lile. Tofauti ni kwamba huku jina ni tusi, na kule ni sifa.

Kuna sehemu ya pili ya hadithi hiyo. Mbwa waliofika Ulaya na Marekani walikuwa wachache sana, wakazaliana wao kwa wao. Damu ikawa nyembamba. Ugonjwa wa figo, unaoitwa Fanconi, ukaenea katika uzao wao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Waamerika walikuja Zaire, kaskazini-mashariki, wakatafuta mbwa wa vijijini wa kuongeza damu. Mwaka 1990 kile chama cha Marekani kilikubali kufungua kitabu chake ili mbwa hao waandikwe. Kwa maneno mengine, mbwa wenye karatasi walikuja kuomba damu kwa mbwa wasio na karatasi.

Mbuzi mfupi naye alisafiri. Kutoka Kameruni alipelekwa kwenye bustani za wanyama za Ujerumani na Sweden, na mwaka 1959 wengine walivuka kutoka Sweden hadi Marekani. Huko sasa wana chama chao na mashindano yao, na wengi wanafugwa kama rafiki wa watoto. Hatuyasemi haya kwa wivu. Tunayasema ili memba ajue kwamba kitu anachokidharau nyuma ya nyumba yake, wengine wamevuka bahari kukitafuta.

Vita, kambi, na ujuzi uliokatika

Nchi yetu ya Fizi na Uvira imekimbia zaidi ya mara moja. Wazee walikimbia wakati wa uasi wa 1964 na 1965. Sisi wengi tulikimbia kuanzia 1996. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka ule, na Lugufu ikafuata 1997. Tulivuka ziwa na watoto, masufuria, na nguo za mwilini. Mbuzi hakuingia katika mtumbwi. Mbwa walibaki ufukoni.

Waliobaki nchini nao hawakubaki na mifugo. Mbuzi ana miguu, na mtu mwenye bunduki hahitaji lori kumchukua; anamfunga kamba, anatembea naye. Ndiyo sababu katika miaka ya vita watu wengi wa Kivu ya Kusini walishikilia dende, ile kobayi ya jikoni. Dende hafungwi kamba, anajificha nyuma ya mafiga, na anazaa upesi. Watu waliosomea ufugaji wameliandika jambo hilo: mnyama akiwa mdogo, anaokoka kuliko mkubwa.

Kambini tuliishi kwa posho: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Tunashukuru, kwa sababu tuliishi. Lakini mtoto aliyezaliwa 1997 na kurudi akiwa kijana hakuwahi kufunga mbuzi fundo lisilomkaba. Hakuwahi kujua kwamba maganda ya muhogo mchungu yanaanikwa kwanza ndipo yanapewa mbuzi, kwa sababu mabichi yana sumu. Hakujua kuangalia macho na mavi ya mnyama na kusema, huyu ni mgonjwa. Mambo hayo hayafundishwi kwa mhadhara. Mtoto anayapata kwa kutembea nyuma ya babu yake.

Mwezi wa 10 mwaka 2005, mashua za HCR zilianza kutuvusha kutoka Kigoma hadi Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Tulipewa mahema, vyombo, na chakula cha kuanzia. Tulikuta mashamba yamekuwa pori, na mipaka yake inagombaniwa. Wengi wetu tukasema tumepoteza mifugo. Ni kweli, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kizazi kizima kilichokosa ujuzi. Mifugo inanunuliwa. Ujuzi unarudi kidogo kidogo, na unarudi tu kwa mnyama ambaye anasamehe.

Jibu kwa wafadhili

Hapo njo tunapata jibu la swali la kwanza. Mbuzi mkubwa wa kigeni, kama yule Boer wa Afrika ya Kusini, ni mnyama mzuri. Dume wake anaweza kupita kilo 100. Lakini anataka chakula kingi, dawa, na mfugaji mwenye ujuzi tayari. Mbwa wa Kongo walipopelekwa London mwaka 1895, walikufa si kwa sababu ni wabovu, ila kwa sababu walikutana na ugonjwa wasioujua. Mbuzi anayeletwa huku kutoka mbali yuko katika hatari hiyo hiyo.

Kuna pia hesabu ya jikoni. Mbuzi wetu anabeba mimba miezi mitano, na mapacha ni jambo la kawaida. Akitunzwa vizuri, jike anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Mama mjane anamwongoza kwa kamba moja bila kuomba msaada wa mwanaume. Na mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya minerval, anauzwa mbuzi mmoja, wengine wanabaki. Mnyama mkubwa hauzwi mguu mmoja. Ukiwa na mmoja tu, shida moja inamwondoa wote.

Utaratibu wetu wa kupokezana mnaujua: familia inapokea jike mmoja, na mtoto jike wa kwanza anaenda kwa familia inayofuata katika orodha. Shirika la Heifer la Marekani lilianza kazi ya namna hii mwaka 1944, lilipopeleka ng'ombe 17 Puerto Rico. Lakini huku kwetu mazoea ya kumpa jirani mbuzi amchunge, kisha kugawana watoto, ni ya zamani. Na kwa kupokezana, yule aliyekuwa wa kupewa anakuwa wa kutoa. Tulisema juu kwamba mbuzi alimpa mtu neno mbele ya wengine. Mama aliyempelekea jirani mbuzi mbele ya komite hazungumzi tena kama mtu wa posho.

Habari ya damu nyembamba ya Basenji nayo ni somo kwetu. Familia zote za kijiji kimoja zikitumia dume mmoja miaka na miaka, atapanda binti zake na wajukuu zake, na watoto watakuwa dhaifu. Kwa hiyo komite imeamua kwamba madume watabadilishwa kati ya vijiji. Asikasirike mtu akiambiwa dume wake anaenda ng'ambo ya mto. Mwingine atakuja.

Adui mkubwa ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao Wafaransa wanauita peste. Mbuzi anatoka makamasi, anaumwa midomo, anaharisha, na zizi zima linaweza kuisha. Mwaka 2012 FAO ilitangaza mlipuko mkubwa wake katika nchi yetu. Dawa ya kuponya hakuna, lakini chanjo iko: sindano moja inamkinga mbuzi miaka mitatu au zaidi. Inahitaji baridi kutoka kiwandani hadi kijijini. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuisha duniani mwaka 2011, na mataifa yamejiwekea kuimaliza hii ya mbuzi kufikia 2030. Inawezekana. Kwa hiyo, wapendwa wafadhili, mkituuliza franga ziende wapi kwanza, tunasema ziende kwenye frigo ya sola, masanduku ya barafu, na chanjo, kabla ya kuongeza mbuzi. Kugawa mbuzi wasio na chanjo ni kumwaga maji katika kikapu.

Jibu kwa vijana

Sasa mbwa. Ni kweli kazi yake ya zamani imepungua. Sheria ya uwindaji ya 1982 iko, hifadhi ya Itombwe imewekwa tangu 2006, na nyama ya msituni imepungua kuliko siku za babu zetu. Hatumwambii mtu apeleke mbwa na nyavu katika hifadhi.

Lakini nani analinda muhindi? Nyani wanajua saa ya watu kwenda kanisani. Ndezi anakata muhogo usiku. Nguruwe-mwitu wakiingia shamba usiku mmoja, kazi ya miezi sita imeisha. Mara nyingi anayebaki kulinda ni mtoto, na mtoto huyo njo hayuko shuleni. Mbwa wawili wanaojua kazi, pamoja na mtu mzima anayewaongoza, wanaweza kumrudisha mtoto darasani. Kengele ya mti inafaa bado: nyani wanaisikia, na mwenye mbwa anajua yuko upande gani wa shamba. Na zizi la mbuzi lenye mbwa mlangoni halifunguliwi kimya kimya.

Mbwa anayefanya kazi anafundishwa tangu mdogo, analala karibu na mbuzi, na anapewa chakula chake mwenyewe. Mbwa asiyelishwa atajilisha, na atakachokula ni kuku wa jirani. Tena mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kutafuta sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa msimu unaokuja, tunaomba mambo matatu. Kila memba mwenye mbuzi au mbwa aandikishe hesabu yake kwa mwakilishi wa kijiji chake, ili veterineri ajue alete chanjo ngapi. Wazee wanaojua kuchonga kengele na kufundisha mbwa wajitaje kwa komite. Tutawatafutia vijana wa kukaa nao, na shirika litalipia chakula cha siku hizo. Na vijana, tafadhali: mbwa wa kwenu ana jina. Mpe jina lake, umwite kwa hilo.